Niliamini picha za Mars zinapigwa Saddle, mpaka siku nilipopeleka posa Masama

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Chumvi nimetia kidogo tu, ya kuonjea.

Kwa miaka minne niliamini kwa moyo wote kwamba hakuna chombo kilichowahi kutua Mars. Zile picha za mawe na vumbi jekundu zinapigwa hapa hapa kwetu, kwenye Saddle, ule uwanda mkavu kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi.

Habari hiyo niliisikia stendi. Nikaisambaza mpaka nusu ya Moshi wakawa wananikwepa.

Na msinidharau. Form Four nimemaliza kwa masomo ya jioni, Geography nina C.

Sasa, siku ya posa. Tukapanda Masama kwa kina Manka, mchumba wangu, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuogeshea ng'ombe. Utaratibu unajulikana: muoaji anakaa kimya, msemaji ni baba yangu mdogo. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu.

Hata hiyo ikanishinda.

Manka ni mwalimu wa Physics. Baba yake akamuuliza siku hizi anafundisha nini, naye akamwonyesha kwenye simu picha iliyotumwa na rover, kile kigari cha utafiti, kutoka Mars.

Nikadakia kwamba ni uongo, hiyo ni Saddle. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikaongeza sauti. Nikamwambia mzee hata yeye, kwa miaka ishirini aliyobeba mizigo ya wageni mlimani, kamera zao lazima alizibeba, aseme tu ukweli.

Mama Manka akaja akaondoa kata ya mbege mbele yangu. Nikajua na mke ndiyo kaondoka.

"Huu mdomo ungeuacha nyumbani ulinde kuku," baba mdogo akaninong'oneza.

Mzee akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole, akaitazama muda wa kuivisha kiburu cha ndizi na maharage. Huyu ni mtu wa kuzibua mfereji wa maji wa ukoo kila mwaka, mawe anayajua.

Funzo, wakuu: kabla hujabisha kuhusu mahali, muulize aliyefika. Na wenye aibu zao za ukweni wazimwage hapa chini, nisichekwe peke yangu. Ila mzee alivyosema ni hivi, mimi sina cha kuongeza:

"Sikiliza, baba. Mawe ya Saddle yana makali, yamenikatia viatu miaka yote hiyo. Haya ni ya mviringo kama ya mferejini, yamesagwa na maji, na Saddle haina mto. Hapa sijawahi kufikisha mzigo. Hiyo ni Mars. Manka tutakupa, ila wajukuu watafundishwa na mama yao."