Kumchagulia Mpwa Wangu Theluji

Dada yangu hutuma ujumbe wa sauti akiwa anaosha vyombo, kwa hiyo kabla sijasikia salamu nasikia maji. Ujumbe wa Oktoba ulikuja vivyo hivyo: maji, sahani zikigongana, kisha yeye.

"Abaayo, mdogo wangu, una nafasi? Wewe ndiye mwenye akili ya kompyuta. Nitafutie mahali pa kwenda Disemba kuteleza kwenye theluji, sisi watatu. Ila pawe na mafunzo ya mtoto mdogo. Wenzake wote shuleni wanajua. Mwaka jana walipopelekwa mlimani yeye alibaki chini na mwalimu." Akafunga bomba. "Lakini ukiona hakuna mahali pazuri kwake, basi, tutakuja huko nyumbani tu kama tulivyosema."

Nisikilize vizuri hapo, rafiki yangu, maana hapo ndipo nilipokwama. Disemba ilikuwa yetu. Dada anaishi Uswidi na hajakanyaga Garissa tangu mtoto wake azaliwe, na sasa mtoto ana miaka mitano. Mumewe hupata likizo moja tu inayolingana na ya shule. Kwenye Idi dada alimwahidi Hooyo, mama yetu, kwamba safari hii watakuja, na Hooyo alikuwa ameshapaka chokaa chumba cha nje, amenunua godoro jipya, ameteua na mbuzi wa kuchinja. Sasa uamuzi wote ulikuwa mikononi mwangu. Nikisema mahali papo, hawaji. Nikisema hakuna, wanakuja.

Ungefanya nini? Usijibu haraka.

Kazi yangu ni hiyo hiyo ya kutafuta. Watu walio mbali hunipa jambo la kuchunguza, nami nalichunguza kwenye kompyuta niliyojifunza mwenyewe, kwa Kiingereza nilichookota mwenyewe, bila mwalimu wa kuniambia nimefika au bado. Labda ndiyo maana siachi kitu mpaka kinipe amani. Ujumbe wa mistari miwili nausoma mara tatu kabla ya kuutuma, na nikishautuma nausoma tena kwa hofu. Mtu wa namna hii hakupaswa kuulizwa kama mahali pana kasoro.

Na mimi theluji sijawahi kuiona. Barafu ninayoijua ni ile ya vifuko vya nailoni ambayo majirani huuza Ramadhani, inayoyeyuka kabla hujafika nyumbani. Lakini siku chache baadaye nilikuwa nazungumza kama niliyezaliwa mlimani. Nilijua kwamba mtoto wa miaka mitano hapewi fimbo za mkononi. Nilijua kuna mkanda unaotambaa ardhini kuwapandisha wadogo juu, na kwamba glavu moja ikilowa, siku imeharibika. Umeme ukikatika feni ilisimama, jasho likanidondokea kwenye vibonye, nami naendelea kusoma malalamiko ya mama mmoja ambaye vidole vya mwanawe viliganda.

Nilikuwa na wivu. Nasema wazi ili usije ukanidhania vizuri. Sikuionea wivu theluji, wala ndege, wala nyumba za mbao zenye moshi. Nilimwonea wivu mtoto wa miaka mitano. Siku moja nikafungua picha: mwalimu ameteremka nyuma ya mtoto, amepanua magoti akambana katikati, mikono chini ya makwapa, mtoto amefungua mdomo wote. Nikaitazama picha ile mpaka kioo cha kompyuta kikajizima. Mahali pale, kati ya magoti, mimi niliwahi kukaa.

Mji wetu ni tambarare kama sinia. Ukitaka mteremko Garissa, uende mtoni. Kando ya Tana, chini ya mashamba ya migomba, malori ya mchanga yalikuwa yamechimba njia ya kushukia, na yalipohamia kwingine yakatuachia ukingo mrefu wa mfinyanzi. Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti kubwa, alikuwa na shamba hapo juu na pampu ya dizeli iliyovuja. Ilinguruma kutwa, ikitema moshi wa buluu, na maji yaliyovuja yalishuka ukingoni. Kwa hiyo hata kiangazi, mbuzi wa mjini wakitafuna maboksi, sisi tulikuwa na utelezi.

Tukitoka duksi, madrasa yetu, tulikula anjera, chapati laini za unga uliochachuka, iliyobaki asubuhi, imelowa mafuta ya simsim na sukari, tukalamba vidole, tukapewa magunia ya kwenda kukata majani ya mbuzi. Majani tuliyakata upesi na vibaya. Alasiri iliyobaki ilikuwa ya ukingo. Mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia ulipasuliwa ubavuni, ukakunjuliwa, ukawa ubao. Unaukalia, unashika ncha ya mbele, unajisukuma. Chini kulikuwa na kitanda cha mchanga kabla ya maji, na mmoja wetu alikaa kwenye gogo kuangalia mamba. Nakumbuka sauti ya plastiki kwenye udongo uliolowa, kama kitambaa kinachopasuliwa, na harufu ya dizeli iliyochanganyika na maua ya migomba.

Mimi sikuteleza. Nilikuwa na miaka saba au minane, na nilitaka mara yangu ya kwanza iwe kama ya wakubwa: moja kwa moja, bila kupinda, bila kupiga kelele. Kwa kuwa hilo haliwezekani, nilisubiri. Watoto wakanipa kazi ya kushika ndara zao zisichukuliwe na maji. Nilizivaa mikononi kama bangili, mpaka viwikoni.

"Duka la ndara limefunguliwa!" walinipigia kelele.

"Naa, msichana, nipe namba arobaini!"

Nilicheka nao. Mtu anayecheka haonekani kuwa anaogopa.

Dada alikuwa ameshamaliza shule wakati huo. Alasiri moja alitumwa mtoni kuniita nikaoge, maana nyumbani wageni walikuwa njiani. Familia ya kijana aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Hagadera ilikuwa inakuja kumwona dada, kwa ajili ya posa. Alikuwa amepakwa hina mikono yote, nguo zimefukizwa uunsi, buibui jipya. Akanikuta nimesimama na bangili zangu.

"Nani amekupa kazi hii?"

"Nasubiri zamu yangu."

"Tangu lini?"

Nilizisukuma ndara juu ya viwiko. Alinitazama, akatazama ukingo, kisha akaanza kunivua ndara moja moja, akazipanga chini kwa utaratibu kama mtu anayepanga viatu mlangoni mwa msikiti.

"Waryaa," akamwambia mvulana mmoja, "lete huo mtungi."

Sauti ya jirani ikashuka kutoka shambani, ikaishinda pampu. "Naa, wewe! Wageni wako njiani na wewe unakalia matope? Nitamwambia mama yako!"

"Mwambie, habaryar! Mwambie nimeenda kuoga!"

Akaketi, akakunja buibui, akanivuta kati ya magoti yake. Nilishika mikono yake yenye hina bila kujali. Nilimwambia nitaanguka.

"Utaanguka nami," akasema sikioni mwangu. "Na mimi ni mnene, utaangukia pazuri."

Hatukuteleza vizuri. Tulipinda kabla ya nusu, tukashuka kwa ubavu, nikapiga kelele zote nilizokuwa nimezizuia, tukaishia mchangani, yeye chini, mimi juu. Mdomo wangu ulijaa udongo wenye ladha ya dizeli. Dada alikuwa anacheka mpaka hawezi kuinuka. Tukapanda tena. Mara ya tatu, au ya nne, alinisukuma peke yangu bila kuniambia, na nilipofika chini nikageuka kumtafuta, nikamwona yuko juu amenyoosha mikono miwili hewani.

Wageni walimkuta na nywele mbichi. Hooyo alikuwa amekasirika hata chai yenye iliki na maziwa ya ngamia aliimimina kwa kishindo. Mama wa yule kijana akauliza kwa upole, "Binti, mbona umelowa?" Dada akasema, "Nilikuwa namfunza mtoto." Yule mama akacheka sana, akaongeza nyama ya nyirinyiri kwenye sahani yake, na nadhani ndoa ilifungwa pale. Familia ile ikapata nafasi ya kuhamia Uswidi, na dada akawafuata.

Niliendelea kuteleza mpaka nikakua. Lakini ile nafasi mbele yake niliendelea kuihesabu kuwa yangu, kama mtu anavyohesabu kitanda chake hata akiwa safarini.

Sasa unaelewa nilivyofanya kazi yangu. Nilitafuta kasoro, na kasoro zipo kwa anayezitafuta. Mahali pa kwanza jikoni hakukuwa na uhakika wa nyama halali. Mahali pa pili mwalimu mmoja alikuwa na watoto wengi mno, na wazazi walilazimishwa kukaa mkahawani ili watoto wasilie. Pa tatu mteremko wa wadogo ulikatiza njia ya wakubwa wanaopita kama risasi. Kila kasoro ilikuwa ya kweli, nami kila nikiipata nilijisikia kama nimeokota pesa. Nilikuwa nasema uongo kwa kutumia kweli tupu. Hooyo akipita nyuma yangu na ufagio aliuliza, "Bado?" Nikasema, "Hakuna pazuri, Hooyo." Akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kukung'uta godoro.

Halafu nikapapata. Kijiji kidogo, kilima kimoja tu, hakina sifa yoyote kubwa. Vibanda vina majiko, unapika mwenyewe. Walimu wa wadogo ni wanawake. Mteremko wa watoto umezungushiwa uzio, wakubwa hawapiti. Na mama anaruhusiwa kuingia ndani ya uzio, kupanda na mtoto, kushuka na mtoto, hata kama yeye mwenyewe hajui kitu. Nilipachimba siku nzima. Nilisoma maoni ya wazazi mpaka ya miaka ya nyuma. Sikupata hata sababu moja. Nikafunga kompyuta, nikaenda kuwanywesha mbuzi ambao walikuwa wameshanyweshwa.

Nilikaa na mahali pale moyoni kwa siku kadhaa. Nilijiambia dada hajauliza tena. Nilijiambia mtoto atapona bila theluji, mbona mimi nimepona. Nilijiona niko kwenye uwanja wa ndege mdogo wa hapa, dada akishuka, na mimi ndiye wa kwanza kufikiwa. Katika ndoto zangu zile, unajua, mtoto hakuwepo. Nilikuwa nimemsahau kwenye ndege.

Kisha maji tena, sahani tena.

"Abaayo, umefika wapi? Mtoto leo amenitoa machozi. Ameniuliza, 'Mama, mwaka huu tena mimi ndiye wa kupiga makofi?' Nikamwambia makofi gani? Akasema mwaka jana kila mwenzake akifika chini, yeye ndiye alikuwa wa kumpigia makofi. Mwalimu alimwambia ni kazi muhimu." Akafunga bomba. "Anasema aliifanya vizuri."

Nilisikiliza ujumbe ule nikiwa nimesimama. Sikuhitaji kuurudia, mimi ninayerudia kila kitu. Niliandika jina la kijiji, namna ya kufika, saa za mafunzo, na mstari mmoja: "Mama anaingia ndani ya uzio na mtoto." Nikatuma kabla ya kuusoma mara ya pili.

Jibu likaja papo hapo, bila maji. "Wallahi wewe! Na hata kasoro moja hukuitaja. Unaumwa?"

"Siumwi," nikasema. "Kaa nyuma yake. Usimwachie mwalimu siku ya kwanza."

"Sasa mimi huo utelezi naujulia wapi?" akacheka. "Nitavunjika kiuno."

Nilitaka kumkumbusha anaujulia wapi. Nilifungua mdomo, nikaona kwamba yeye amesahau, au ameliweka mbali pamoja na mambo mengine ya utotoni mwangu ambayo kwake yalikuwa alasiri moja tu. Hilo nalo lilinichoma.

Hooyo nilimkuta uani anavuruga unga wa anjera wa kulazwa.

"Hawaji," nikasema. "Wanaenda kumfunza mtoto kuteleza."

"Kuteleza nako kunafunzwa?"

"Huko kunafunzwa."

Aliendelea kuvuruga. Mkono haukubadili mwendo. "Kuna baridi?"

"Sana, Hooyo."

"Mwambie amfunike masikio." Akafunika unga, akaosha mikono, akaenda chumba cha nje kukunja godoro. Nilimsikia akilifunga kwa kamba, polepole, kama kitu ambacho kitakaa.

Juzi nilishuka mtoni. Ukingo wetu haupo. Mafuriko yaliukata, mto sasa unapita pale tulipokuwa tunangoja zamu. Jirani ni mzee, shamba analima mwanawe, na maji yanavutwa na mashine ya jua ambayo haingurumi wala haivuji tone. Majani ya mbuzi tunanunua sokoni, yamefungwa matita. Sikuona mtoto hata mmoja, nami nilisimama juani mpaka mlinzi wa shamba akaniuliza nimepotelewa na nini.

Si ukingo, nilitaka kumwambia. Mto una haki ya kuchukua ulicholeta. Kilichonipotea ni kuwa mdogo. Nyumbani kwetu kitinda mimba nilikuwa mimi, na nilidhani cheo hicho hakina mrithi: kutetewa, kufunikwa masikio, kubebwa mbele. Sasa mdogo ni mwingine. Anaishi kwenye theluji, hanijui ila kwa sauti ya simu, na yuko mbali mno kiasi kwamba siwezi hata kumfinya kisiri pale mama yake anapogeuka.