Taa Isiyokonyeza Dagaa

Juzi nilipeleka simu kwa fundi mmoja pale Kirumba, dada ambaye pia hufundisha elektroniki kwenye meza hiyo hiyo anayotengenezea simu. Nilimkuta na mwanafunzi mpya, mzee mwenye mtumbwi wa kuvulia dagaa. Mbele yao palikuwa na kibao kidogo kinachopokea maagizo kutoka kwenye kompyuta, na taa moja ya LED, ndogo kama punje ya mahindi.

Somo la kwanza ni lile lile kwa kila anayeanza: taa iwake, izime, iwake. Mzee akabonyeza kitufe cha kompyuta, taa ikaanza kukonyeza. Dada akapiga makofi. Mzee akaifunika kwa kiganja.

"Binti, hii mbovu."

"Siyo mbovu, mzee. Umeiagiza mwenyewe."

"Basi nimeagiza vibaya. Dagaa ukiwakonyeza wanatawanyika. Wakishakaribia wavu, sisi tunaifunika taa ya mtumbwini kwa koti, taratibu, ili wasogee. Hiki kibao kinaiweza kazi ya koti?"

Dada akafunua daftari lake, kurasa nyingi mbele. "Hilo ni somo la sita."

"Tuanzie hapo."

Wakaandika maagizo upya, mzee akitafuta herufi kwa kidole kimoja. Safari hii taa ikafifia polepole. Mzee akainama kuitazama, fundi akainama, na mimi niliyeleta simu tu nikashtuka pua yangu iko juu ya kibao.

Miaka yote nimewaona dagaa wajinga kwa kufuata taa hadi wavuni. Nawaomba radhi.