Nyanya Zilizokufa, Nyanya Aliyesimama

Nilipokuwa mtoto kule Mbololo, katika miaka ya sabini, neno nyanya lilikuwa na maana mbili nyumbani kwetu, na msimu mmoja maana hizo ziligombanishwa. Nyanya mmoja alikuwa mama mzazi wa Baba, mjane mwembamba aliyesali kwa sauti hata akipalilia. Nyanya nyingine zilikuwa zile kubwa, nyekundu, alizozipanda Baba ili zishushwe Voi na kupakiwa kwenda Mombasa. Ili zipate nafasi, Baba aliing'oa miwa ya mama yake kando ya mfereji. Nyanya hakumlaani. Alisema tu, "Umeniumiza, mwanangu," akaingia jikoni kwake.

Misimu ya mwanzo ilikuwa ya neema. Kisha majani yakaanza kugeuka manjano, mara nyingi upande mmoja tu wa shina. Mmea ulilegea mchana ingawa udongo ulikuwa umelowa, ukainuka kidogo jioni kama mgonjwa anayejikaza mbele ya wageni, hadi jioni ambayo haukuinuka tena.

Sisi Wadawida tulikuwa na imani iliyolitangulia kanisa: hasira iliyofungiwa moyoni mwa mtu wa nyumbani hutoka yenyewe ikadhuru watoto, mifugo au mimea. Tiba yake ni kutasa. Mwenye uchungu hupiga funda la maji, huyapuliza nje, na kwa maneno ya baraka huitoa hasira yake. Jirani yetu Mama Mghoi, mzee wa kanisa, ndiye aliyelitamka jambo hilo wazi.

"Maji yapo, mbolea ipo. Huyu mama ana moyo, amefungia hasira ndani. Kwani mtini haukukauka kwa neno tu?"

Njiani watoto wakatuimbia, "Nyanya kaua nyanya! Nyanya kaua nyanya!"

Nyanya akaitwa shambani. Alipiga funda, akapuliza, akasema, "Kama kuna hasira yangu, itoke. Mimea hii isimame, mwanangu apate amani." Mimea ikazidi kuanguka. Ndipo Baba alipoacha kula chakula kilichotoka jikoni kwa mama yake. Mama ambaye mwanawe hagusi chungu chake amekwisha kuhukumiwa. Sahani alizompelekea nilizirudisha mimi, bado zimefunikwa, naye alizipokea kwa mikono miwili.

Bwana shamba alipopita, alipasua shina kwa kisu. Ndani mlikuwa na michirizi ya kahawia.

"Huu ni mnyauko," alisema. "Kuvu limo udongoni. Huingia kwa mizizi, likaziba mishipa ya maji. Mmea unakufa kwa kiu huku umesimama majini. Hakuna dawa ya kunyunyiza. Hamisheni shamba, au mtafute mbegu inayostahimili."

"Sawa, bwana shamba," Mama Mghoi akajibu. "Na aliyelituma hilo kuvu ni nani?"

Hakuna aliyecheka. Ndipo Nyanya alipojifunga leso kiunoni.

"Mama Mghoi, tusibishane." Alituongoza nyuma ya jiko lake, ambako nyanya za zamani zilikuwa zimejiotea, ndogo, chachu, zisizotakiwa na mchuuzi yeyote. Maji kutoka shamba lile lile yalipita miguuni pao, nazo zilikuwa za kijani kibichi. "Wewe, kwa mkono wako, panda hizi zangu katika mistari iliyokufa. Mimi nitapanda zile kubwa za mwanangu kwenye tuta la juu, ambalo halijawahi kuona nyanya. Kama mkono wangu unaua, utaonekana."

"Lakini usipulize maji kule juu!"

"Hata mate sitatema, mama."

Mama Mghoi alipanda. Katikati ya zile ndogo alichomeka miche michache ya zile kubwa, akiiombea kwa sauti kuu. Tulingoja. Miche aliyoiombea ikawa manjano, ikalegea, ikafa. Ile midogo, katika udongo ule ule na kwa mkono ule ule, ikachanua. Na kule juu, zile kubwa zilizopandwa na mkono ulioshitakiwa zililemewa na matunda hadi zikahitaji vijiti vya kuzishikilia.

Mama Mghoi alikuja uani kwetu na kibuyu. Alipiga funda, akapuliza. "Mwenye moyo nilikuwa mimi," alisema.

"Basi kunywa yaliyobaki," Nyanya akamjibu. "Jua ni kali."

Mchana huo Baba aliinama mlangoni pa jiko, akaketi kwenye kigoda kama mtoto.

"Mama, kuna chakula?"

"Kipo. Kina nyanya zangu."

Alikula hadi akaikwangua sahani. Msimu uliofuata alirudisha miwa kando ya mfereji.

Nimekuwa mkali tangu siku hizo kwa yeyote anayetoa ushahidi wa uongo, awe ameshika Biblia au kibuyu. Lakini siicheki desturi ya kutasa. Uchungu wa Nyanya ulikuwa wa kweli. Haukuwa na nguvu juu ya mmea, ila ulistahili kusikilizwa na mwanawe. Mbegu zile ndogo bado ninazo, na ninazipanda kila msimu. Wajukuu wangu wakiniuliza ni za aina gani, huwajibu kwa fahari: hizi ni za Nyanya, zilisimama pale aliposimama yeye.