Pumzi Yangu Iliibwa

Yule binti alivuta pumzi mahali ambapo dunia nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kuvuta.

Mtu huyo ni mimi.

Naitwa Qiu. Kazi yangu hapa Suzhou ni kuwafundisha waigizaji kutamka mashairi ya tamthilia za kale. Mstari unausema mzima, pumzi unavuta mwishoni. Ukikosea, nagonga meza, tunaanza upya.

Sasa huyu Yinzhu kaja kwenye usaili, anadai hajawahi kukanyaga darasa. Nafasi darasani kwangu ilikuwa moja. Alipofungua mdomo, nywele zilinisimama. Mapigo yangu ya kutamka, yale yale! Halafu, kabla ya neno la mwisho, akakata, akavuta pumzi.

Mimi nilisema hivyo kipupwe kimoja tu, miaka kumi na tano iliyopita.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Usinifanye bwege. Kanda za sauti yangu umezitoa wapi?"

"Kanda gani tena?"

Nikajua tu, wabaya wangu wa kile chuo pinzani cha ng'ambo ya mfereji wamempika aje kuniumbua. Nikakata jina lake, nafasi nikampa mwingine.

Lakini roho ikagoma kutulia. Alipotoka, nikamfuata nyuma nyuma. Akaingia mgahawa wa tambi, moja kwa moja jikoni. Nikachungulia.

Mama mmoja alikuwa anaosha mabakuli huku anasema mashairi. Na pumzi, pale pale!

"Mwalimu Qiu!" Akajifuta povu. "Hunikumbuki? Mimi Tao, nilikuwa napiga deki korido yenu. Nilikuomba unifundishe, ukanicheka."

Nilimkumbuka. Aibu ikanishika.

"Basi kipupwe chote nikawa nasikilizia mlangoni, nikifika nyumbani namfundisha mwanangu. Ile pumzi ndiyo siri yako, eti? Tuliihangaikia mwaka mzima."

Siri gani, jamani! Kipupwe kile nilikuwa naumwa mapafu. Mstari ulikuwa unanishinda kumaliza.

Nilipowaambia, Yinzhu akakaa juu ya gunia la unga.

"Kwa hiyo umenifelisha kwa ugonjwa wako?"

Nafasi ilishakwenda; nikaomba niwafundishe wote wawili.

Siku hizi kila asubuhi niko jikoni pale, nagonga meza ya kukatia vitunguu. Usaili mwingine ni mwakani. Wanafunzi wangu wa pale ni wawili, na mama ndiye mkali zaidi.

Nyani haoni kundule. Mimi nililiona, nikadhani ni la mwenzangu. Ndugu yangu, ukikuta kosa kwa mtu, kabla hujamuuliza nani kamtuma, jiulize kalitoa kwa nani.