Kushuka Sekenke kwa Gari la Daktari

Juzi nilipeleka kitanda changu cha chuma kwa kijana mmoja wa kuchomelea, nyuma ya soko pale Singida mjini. Mguu mmoja ulikuwa umekatika. Kijana akavaa miwani yake nyeusi, cheche zikaruka, na kabla sijamaliza soda yangu akaniambia, "Tayari, mama." Nikabaki nimesimama. Akadhani sijaridhika na kazi, akaanza kunionyesha alivyounga. Kumbe mimi nilikuwa nasubiri mtu aje akikalie. Ndugu yangu, nina wajukuu na kichwa kimeota mvi, lakini nikiona chuma kilichoungwa ambacho hakijakaliwa na mtu, naogopa kukipa mgongo. Ngoja nikueleze hofu hii ilikotoka.

Sisi ni watu wa Misigiri. Baba alikuwa fundi chuma, kazi aliyojifunza migodini ujana wake. Wakati wa Ujamaa, tulipokusanywa kijijini na nyumba zikapangwa kwa mistari, sisi tulipewa kiwanja cha mwisho kabisa karibu na barabara, kwa sababu hakuna jirani aliyetaka kulala na kelele za nyundo. Asubuhi ligongwapo rimu la gari lililoning'inizwa ofisi ya kijiji, watu walikwenda shamba la pamoja, nasi watoto tukabaki kuwinga ndege kwenye mtama. Nikirudi nyumbani nilipokewa na harufu mbili, moshi wa mkaa wa baba na mlenda wa mama. Hata leo nikipika mlenda huona kama kuna kitu kinakosekana, na ni ule moshi.

Baba alikuwa na desturi yake. Kitu chochote akikitengeneza, awe amefunga miguu ya kiti, ameunga fremu ya baiskeli au amerudishia ekseli ya mkokoteni, hakumkabidhi mwenyewe kabla mtoto wake hajakijaribu mbele za watu. Mtoto huyo nilikuwa mimi, kifungua mimba na wakati huo mtoto wa pekee. Nilikalishwa kwenye viti, nikarushwarushwa juu ya vitanda, nikapandishwa kwenye mikokoteni iliyosheheni magunia ikishushwa mtoni. Watu walitoka mpaka Kiomboi kuleta vyuma vyao kwa sababu ya desturi hiyo. Walisema fundi anayemweka mwanawe hawezi kuunga vibaya.

Alikuwa na sababu. Katika mgodi mmoja ambao hakupenda hata kuutaja jina, kizimba cha kuteremshia watu shimoni kilikatika, kikaungwa haraka haraka, na msimamizi akawaamuru vibarua watangulie kukijaribu. Baba alikuwa juu akitazama. Hakuwahi kutusimulia kilichofuata, alisema tu kwamba tangu siku ile aliapa hatamtanguliza mtoto wa mtu. Atamtanguliza wake.

Sasa wewe ungedhani nilijivuna. Wenzangu walinionea wivu kweli, na mimi nilitembea nimeinua pua. Lakini moyoni nilikuwa naogopa vibaya sana. Kila nilipoinuliwa nilishika kingo kwa nguvu mpaka kucha zikauma, nikafumba macho, nikasikiliza kama chuma kitalia. Sikumwambia mtu. Nilichojishikiza nacho ni kimoja tu: baba anajua. Kama baba ameniweka hapa, basi anajua hakitavunjika.

Ndipo likaja gari la daktari. Alikuwa kijana aliyeletwa kwenye zahanati ya chini ya mlima, upande wa pili wa mteremko wa Sekenke, na alikuwa na kigari chekundu cha mashindano, viti viwili, paa la turubai, kimechuchumaa chini kiasi kwamba mbwa wetu alikitazama usawa wa macho. Alikinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Kwa barabara zetu zile ulikuwa wazimu mtupu, na bibi yangu alimwambia hivyo hivyo bila kumung'unya. Alikwenda nacho vijijini kutazama wagonjwa mpaka siku alipoligonga jiwe kwenye korongo. Kililetwa kwetu kikivutwa na ng'ombe, kimepinda mgongo, milango haifungi.

Baba alikiinua juu ya magogo, akanilaza pembeni yake kwenye gunia tuangalie chini. Chini ya gari la aina ile kuna mihimili miwili ya chuma inayotoka mbele mpaka nyuma, wanaiita chasisi, na hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Wa kulia ulikuwa umepinda. Wa kushoto ulikuwa umepasuka chini ya mlango kabisa, na pembeni ya ufa kutu ilikuwa imekula. Baba aliugonga kidogo kwa nyundo, chuma kikamong'onyoka kama ugali uliolala. Kidole changu kiliingia. Nilitazama juu kupitia tundu lile, nikaona chini ya kiti cha kushoto, na hapo hapo nikajua nani atakikalia kiti kile.

Kazi yenyewe sitaisahau. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuuliza kama ni ujamaa huo, fundi wa kijiji kukosa shamba la pamoja kwa ajili ya gari la mtu mmoja. Baba akamjibu kwamba gari ni la mtu mmoja ila daktari ni wa wote. Mwenyekiti akacheka, akaagiza tuletewe mkaa. Baba akakata kutu yote kwa tindo. Akavuta kamba toka kona moja ya gari mpaka kona ya upande wa pili, kisha kinyume chake, akawa anapiga jeki na kuinua magogo mpaka kamba zote mbili zikalingana urefu. Alisema ukiunga mhimili uliopinda, umeunga ajali. Halafu akaenda Sekenke na mkokoteni, akarudi na mabamba ya toroli la zamani lililotupwa kule kwenye mashimo ya dhahabu. Aliyachoma mpaka yakawa mekundu, akayakunja, akapigilia moja ndani ya mhimili na jingine nje, akayafunga kwa ribiti za moto, ile misumari minene inayopigwa kichwa pande zote mbili. Na mhimili wa kulia, baada ya kuunyoosha, akauimarisha vivyo hivyo.

Nilichukia mabamba yale. Nililala nikiyafikiria, chuma kilichotoka shimoni, na mimi juu yake. Isitoshe baba alitangaza kwamba gari hili halijaribiwi tambarare. Litashushwa Sekenke, kwa sababu daktari atapita huko kila wiki. Wewe hukuiona Sekenke ya wakati ule. Ilikuwa njia ya mawe na kona, upande mmoja ukuta, upande mwingine miti unayoitazama kwa juu. Malori yalikuwa yakishuka kwa gia ndogo huku utingo akitembea nyuma ameshika gogo la kukingia tairi. Watu wazima walikuwa wakiteremka kwenye basi wakashuka kwa miguu.

Siku yenyewe kijiji kizima kilijaa uwanjani kwetu. Nilivalishwa gauni la sikukuu. Nilimwamkia daktari shikamoo. Milango ilifunga vizuri sana, kwa kidole kimoja, watu wakapiga makofi, na baba akaniinua akanikalisha kiti cha kushoto. Kiti kilikuwa cha moto kwa jua. Nikashika kingo. Halafu, sijui yalitokaje, maneno niliyoyameza miaka yote yakanitoka.

"Baba, naogopa."

Watu wengine wakacheka. Baba hakucheka, ila mkono wake ulibaki umesimama juu ya mlango. Mama alikuwa amesimama kizingitini, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Mama hakuwa mtu wa kumjibu baba mbele za watu. Siku ile alisema, tena taratibu, "Na huyu naye si mtoto wa mtu?"

Baba alimtazama mama, akanitazama mimi. Akafungua mlango, akanitoa, akaniweka chini, na akaingia yeye. Magoti yalimfika kifuani. Nilitaka kufurahi, lakini nikaiona mikono yake. Alikuwa ameshika kingo za kiti kama nilivyokuwa nikishika mimi, kwa nguvu ile ile. Ndugu yangu, sijawahi kuogopa vile kabla wala baada ya siku hiyo. Kumbe baba hajui. Kumbe siku zote hizi alikuwa anatumaini tu, na mimi nilikuwa juu ya tumaini lake.

Daktari akashika usukani, wakaondoka, vumbi likawafunika. Mama akarudi kusaga, ila jiwe lilikuwa likisimama kila mara. Mimi nilikaa kando ya barabara na bibi aliyekuwa ananung'unika peke yake kwa Kinyiramba. Jua likapanda, likageuka. Watu walikwenda makwao. Nilimwahidi Mungu kila nilichokuwa nacho, na nilikuwa na kuku mmoja. Halafu alasiri lori la chumvi likatokea upande wa Sekenke, likaja taratibu, na nyuma yake hakukuwa na kigari chekundu. Bibi akasimama akishika kichwa. Nilijua kwamba baba amekufa, na kwamba alikufa kwenye kiti changu.

Lori likasimama mbele yetu. Juu ya magunia akainuka mtu mweupe kwa vumbi. Alikuwa baba. Akashuka akishikilia kamba, akatuambia kuwa daktari ameendelea na safari kwa wagonjwa wake. Chuma kimekaa imara, alisema. Walishuka mpaka chini, yeye akaingia chini ya gari na kushika ribiti moja moja, hakuna iliyolegea. Mama alitoka mbio, akamwona, akarudi ndani, nikasikia jiwe la kusagia likianza tena.

Mimi nilikuwa nimemng'ang'ania mguu. Baba alichuchumaa mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, "ulikuwa unaogopa siku zote?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alikwenda kunawa, akakaa nje mpaka ugali ukapoa, na mama hakumwita.

Tangu hapo aliyejaribu alikuwa yeye. Wateja waliuliza mtoto yuko wapi, akawajibu mtoto yuko shule. Alikalia viti, akaruka juu ya vitanda na uzee wake, akashushwa mtoni kwenye mikokoteni huku watu wakimcheka, na kila mara niliiona ile mikono ikishika kingo. Kigari cha daktari kilidumu mpaka daktari akahamishwa. Siku hizi Sekenke ni lami, basi linashuka abiria wamelala usingizi. Kiwanja chetu kina duka la vocha, na fuawe ya baba, aliyofulia vyuma vyake, sijui iko kwa nani.

Basi pale nyuma ya soko nilimwuliza yule kijana kama hatakikalia kitanda. Akacheka, akasema mama, hii ni kazi ya umeme, haina wasiwasi. Nikavua viatu, nikakikalia mwenyewe barabarani pale, nikashika kingo, nikafumba macho. Kilikaa imara. Nilikaa juu yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu aliyekuwa akinitangulia amelala kaburini Misigiri, na sasa zamu ni yangu.