Ubeti wa Lameki

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hadi rangi ya kanga aliyovaa mwenyeji wangu. Nilikuwa mwandishi wa habari kijana, mgeni kazini, na nilikwenda Makole, hapa Dodoma mjini, kumtafuta mwimbaji Yunisi. Mji mzima ulikuwa na mazungumzo mamoja: mwenzake Lameki, aliyetunga naye nyimbo na kuimba naye tangu ujana, amehamia Dar es Salaam na kumwacha jukwaani peke yake. Nilitaka kujua kisa. Zaidi ya hapo, nilitaka neno moja kali la kuweka juu ya habari yangu.

Nilimkuta uani anachambua mlenda. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda.

"Dada Yunisi, watu wanasema Lameki amekutupa."

"Watu gani? Hawana majina?"

"Watu tu."

"Basi waandike hao watu tu." Akaendelea na mlenda wake, kisha akaniangalia. "Mdogo wangu, nimeimba na yule bwana mpaka najua anapovutia pumzi. Tumekosana, ni kweli. Lakini neno nitakalokupa leo kwa hasira, wewe utalichapisha, na mimi sitaweza tena kulimeza. Andika kwamba Jumamosi naimba harusini."

Niliondoka nimenuna. Hata hivyo Jumamosi nilikwenda.

Wimbo wao uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mke na mume. Mume amekwenda mnadani asubuhi, amerudi kesho yake jioni, na mke anamuuliza alikuwa wapi. Yunisi aliimba swali la mke. Ulipofika ubeti wa mume, ambao siku zote aliuimba Lameki, alifunga mdomo. Zeze likaendelea, makofi yakaendelea, ubeti mzima ukapita bila neno, ndipo akaingia tena.

"Nipe mimi hapo nikujibu!" bwana mmoja akamtania kutoka nyuma.

"Hapo pana mwenyewe," akasema Yunisi, na wimbo ukaenda mbele.

Aliimba hivyo miaka na miaka, kwenye harusi, kwenye harambee za kanisa, kwenye sherehe za shule. Mji ulikua, wizara zikahamia, watu wakaja kutoka kila mkoa. Watoto waliozaliwa baadaye waliujua wimbo ukiwa na pengo lake, na kila ulipofika pale walipiga makofi kwa nguvu. Kwao pale palikuwa mahali pa makofi.

Mwaka jana, huko Dar, Lameki alisikia wimbo ule ukitoka kwenye simu ya jirani yake. Akasikiliza mpaka ubeti wake. Aliniambia kwamba alipoyasikia yale makofi matupu alimwomba jirani aurudie wimbo. Siku hiyohiyo akatafuta namba ya Yunisi, akampigia.

Ndivyo ilivyopatikana ziara yao: Bahi, kisha Chemba, na kumalizia hapa mjini. Mimi, mstaafu mwenye muda, niliomba nafasi kwenye gari lao.

Bahi tulifika alasiri, uwanja wa shule ukiwa umejaa. Yunisi akaimba swali lake. Lameki, mvi tupu na fimbo mkononi, akafungua mdomo kujibu, na uwanja mzima ukapiga makofi kama ulivyozoea. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini sauti ya mzee haikusikika hata kidogo. Niliona midomo yake tu ikicheza mpaka mwisho wa ubeti.

"Hawanijui," akasema tuliporudi garini. "Wimbo umezoea bila mimi, Yunisi. Kesho napanda basi nirudi."

"Panda. Lakini Chemba tumeshawaahidi, sasa utanieleza niwaambie nini."

"Waambie nimezeeka."

"Hilo wataliona wenyewe. Nitawaambia umezeeka na ukaidi uleule."

Lameki akacheka kidogo, bila kupenda. Asubuhi tulimkuta ameketi kiti cha mbele, fimbo magotini, tayari kwa safari ya Chemba.

Kule, mke alipomaliza kuuliza, Yunisi aliinua mkono. Zeze likanyamaza. Makofi yaliyokwisha kuanza yakafifia.

"Wanangu," akasema, "hapo mnapopigia makofi pana maneno. Nilimtunzia mwenyewe. Amerudi, huyu hapa."

Lameki akaimba bila ala yoyote. Mume anamwambia mkewe kwamba mto ulijaa, hapakuwa na pa kuvukia, akalala ng'ambo akiutazama moshi wa jiko lao. Sauti ilikuwa ikikwaruza, lakini kila neno lilifika. Mama mmoja karibu yangu, mtoto mgongoni, akamgusa mwenzake. "Kumbe alijibu," akasema. "Mimi nilijua yule mume hana la kusema."

Wakaomba urudiwe. Tulipofika Dodoma mjini, vijana walikuwa wameshaupata ubeti kwenye simu zao, wakauimba pamoja naye.

Mpaka leo sijui walikosana nini. Garini nilikaribia kuuliza, nikawaona wanabishana nani kati yao aliimba nje ya sauti kule Bahi, nikaacha.

Mwanangu, utaachana na watu. Mtagombana na rafiki, na ndugu, na mwenzako wa kazi, na pengine haki itakuwa yako. Siku hiyo atakuja mtu kama mimi nilivyokuwa, akutake useme. Mnyime. Endelea na kazi yako, imba sehemu yako vizuri, wala usiharakishe kuijaza sehemu ya aliyeondoka. Yunisi angesema neno moja tu pale uani, Lameki asingethubutu kupiga ile simu.

Mungu akupe mtu wa kukutunzia nafasi yako, na akupe wewe moyo wa kutunza ya mwenzako. Na ikiwa ni wewe utakayerudi umechelewa, sauti ikikwaruza, ukute kuna aliyeinua mkono kuyatuliza makofi.