Namba Saba Hakwenda Kuwait

Daftari la timu nalitunza mimi, kwa sababu siku ya mkutano wa kwanza mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Sifa nyingine sina. Mimi ni mfua nguo wa hotelini, mtu wa Morogoro, na barafu nilikuwa naijua kwenye glasi tu. Sasa hapa Doha nimekuwa karani wa timu ya watoto wanaocheza mpira wa magongo juu ya barafu, na anayeniuliza ilikuwaje namwambia akamuulize yule Mzanzibari.

Mzanzibari huyo anaendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja ulio ndani ya jengo la maduka. Yeye ndiye aliyegundua kwamba Jumamosi asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, uwanja unakaa bure saa nzima. Akamwomba bosi wake, bosi akakubali, naye akatuambia leteni watoto, kufundisha nitafundisha mwenyewe. Baba mmoja Mkenya, fundi wa kompyuta, akasema suala la magongo aachiwe yeye, maana mchezo huo aliucheza shuleni. Kweli akaja na magongo kumi na mawili, mapya, yanang'aa. Yalikuwa ya kuchezea kwenye nyasi! Mafupi, ncha imejikunja kama mkono wa mwavuli. Mzanzibari alicheka mpaka akashika ukuta. Watoto waliyatumia hayo hayo mwezi mzima, wameinama kama wanapalilia karanga, hadi familia moja ya Wakanada iliyokuwa inarudi kwao ikatuachia ya barafuni.

Timu yetu haina tajiri. Ni ya sisi wazazi wote, Watanzania, Wakenya na Waganda wawili. Jezi, helmeti na viatu vya barafu ni vya timu, na kila nyumba inalala na begi moja. Jambo lolote linaamuliwa kwa kunyoosha mikono sebuleni kwangu Abu Hamour, Ijumaa jioni, Wakenya wakiwa wametoka kanisani Mesaimeer, maana huku ibada yao ni Ijumaa, na sisi tumeshaswali na kupumzika. Watoto ni kumi na watatu. Wamo mapacha wa yule fundi, wanaogombana wenyewe kwa wenyewe hata kile kisahani cha mpira wanachokipiga kwa magongo kikiwa upande mwingine wa uwanja. Yumo mtoto wa mlinzi mmoja wa Tanga, anayekimbia vizuri ila kusimama hajui, akitaka kusimama anaufuata ukuta. Yumo binti mdogo wa nesi Mkenya, mfupi kuliko gongo lake, anaanguka na kuinuka, anaanguka na kuinuka, na hajawahi kukosa mazoezi hata siku moja. Na yumo binti yangu, namba saba. Nawapenda wote, jamani, hata wale mapacha.

Sheria ya mahudhurio niliileta mimi, tena kwa hasira. Fundi alikuwa anawaleta mapacha wake saa ya mazoezi ikiwa karibu kwisha, na kila mara ana hadithi mpya. Siku moja nikawaka. Nikasema atakayekosa mazoezi mara tatu, na kuchelewa kwahesabiwa kukosa, kukiwa na safari haendi, awe mtoto wa nani. Mikono yote ikanyooka, na wa fundi ukiwemo. Tangu hapo mapacha wanafika wa kwanza.

Haukupita muda mrefu, timu moja ya Kuwait ikatualika. Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Kama wote wangekuwa wametimiza mahudhurio, Mzanzibari angemwacha mmoja kwa kuangalia uwezo, na kila mtu alijua angekuwa yule mdogo wa nesi. Binti yangu alianza kulala na glovu zake kitandani.

Lakini namba saba alikuwa amekosa mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na homa. Mara mbili zilizofuata shifti yangu ilibadilishwa ghafla, na baba yake, ambaye ni dereva wa nyumba ya watu, alikuwa amewapeleka mabosi wake shambani Umm Salal. Siku nisipokuwepo uwanjani, Mzanzibari hunitumia ujumbe wa sauti akitaja waliofika, nami naandika, yeye anasahau hapo hapo. Kwa hiyo ile Jumamosi ya tatu nikamwekea binti yangu alama ya kufika. Nikajiambia kosa ni la kazi yangu, mtoto aadhibiwe kwa lipi?

Ijumaa ya kutangaza wasafiri nikawasomea wazazi majina kumi na mawili, watoto wameketi kwenye zulia. La mwisho lilikuwa la binti yangu. Akasimama.

"Mama, umekosea. Mimi nimekosa mara tatu. Ile ya mwisho nilikuwa hapa nyumbani naosha vyombo."

Uso ulinichoma. Nesi akawahi kuniokoa. "Dada, wacha tu. Hii sheria si tuliitunga wenyewe? Tutailegeza leo." Fundi tayari alikuwa amenyoosha mkono, maskini, wala hakunicheka. Wengine wakafuata. Nilitamani kunyamaza waendelee. Nikamtazama yule mdogo wa nesi. Alikuwa anaihesabu mikono kimya kimya, midomo inachezacheza. Nikalikata jina la mwanangu, nikaandika lake.

Wageni walipoondoka nilimkuta binti yangu chumbani, amegeukia ukuta, analia bila sauti. Nikakaa kando yake. Nikamwambia najivunia ulivyosema kweli, na nilikuwa namaanisha.

"Ungemwambia tu anti nesi anipitie, mama," akasema. "Angekuja."

Nesi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na Jumamosi zile mbili alipita mlangoni kwetu na gari. Niliona haya kumwomba, baada ya maneno yote niliyomrushia fundi kwa kuwachelewesha wanawe.